Mama Apariteri na Rapoti Zetu za Gerezani

Katika chuo chetu kidogo cha Goma, marekta walikuja wakaenda, madekani wakaja wakaenda, lakini mtu aliyeamua nani atoke na diploma na nani arudi nyumbani mikono mitupu alikuwa mmoja tu, na hakuwa profesa. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi shingoni. Alikaa katika aparitorati, yaani ofisi inayotunza dosye, mafaili ya wanafunzi. Tulimwita Mama Apariteri. Kwa miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akimwita vingine, hata maprofesa waliomtangulia chuoni.

Nilikwenda pale nikiwa msichana bado, kusomea kriminolojia. Siku ya kujiandikisha alituingiza watano watano, akatusimamisha mbele ya meza yake kama tumeshtakiwa, akatusomea masharti bila kutazama karatasi yoyote.

"Musikilize muzuri, sitarudilia. Diploma ya eta, ile yenyewe, hapana ile ya muda. Kartasi ya kuzaliwa. Kartasi ya mwenendo muzuri. Kozi zote za miaka tatu, hata ile ya hesabu yenye munaogopaka. Staji ya miezi mbili: mwezi moja ku parke, mwezi moja ku gereza. Rapoti ya staji. Kazi ya mwisho, na kuitetea mbele ya juri. Kimoja kikikosa, hauna lisansi. Nimesema."

Diploma ya eta ni ile ya serikali ya kumaliza sekondari, staji ni mafunzo ya kazini, na lisansi ni shahada. Parke ni ofisi ya waendesha mashtaka. Sisi hatukuijua wakati ule. Tulijua tu kwamba jina lake likitajwa nyumbani, wazee wanashusha sauti.

Mwenzetu mmoja akathubutu kuuliza: "Mama, na mutu akipata kilio mu staji?"

"Alete kartasi ya kilio."

Hatukujua kama tucheke. Yeye hakucheka.

Wanafunzi wa zamani walitusimulia habari ya binti wa mkubwa fulani mjini, aliyefaulu vizuri kuliko wote wa mwaka wake. Siku ya kutangazwa, binti alikuwa tayari amevaa joho, familia imejaa viti vya mbele, wapiga picha wamejipanga. Mama Apariteri akapita kwenye mstari na daftari lake, akasimama kwa yule binti, akamwambia karatasi ya mwenendo mwema haimo katika dosye yake. Akamtoa mstarini. Baba akapiga simu, dekani akaja mbio akimsihi. Mama akasema tu kwamba mstari unaweza kusonga. Binti alipata diploma yake mwaka uliofuata, karatasi ilipoletwa. Na nimesikia kwamba ndiye aliyekuja kumsalimia Mama alipofiwa na mumewe, akakaa naye matangani siku tatu.

Asifikiriwe kuwa alikuwa jiwe. Jumapili alisikiliza mpira kwenye redio ndogo ya betri, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. Mwanamke aliyelinda kila sharti wiki nzima, Jumapili alimtukana mwamuzi kila alipopiga filimbi dhidi ya timu yake, na akikumbushwa kwamba mchezaji kweli alishika mpira kwa mkono, alijibu: "Na yule mwamuzi alikuwa anaangalia mukono ya nini? Aangalie mupira!" Alikataza mtu kula kwenye korido, na mwenyewe alikuwa na mahindi ya kuchoma ndani ya droo, aliyatafuna polepole huku akipiga muhuri. Alitudai tufike kwa saa, naye alichelewa karibu kila siku, kwa sababu alitembea kwa miguu kutoka kwake Keshero. Hakupanda pikipiki. Aliogopa pikipiki kuliko kitu chochote duniani.

Akifika, kabla ya kumjibu mtu salamu, alichukua kitambaa na kufuta dosye moja moja. Vumbi jeusi la mji wetu halikosi mlango. Aliyefika mapema ilibidi asubiri hadi rafu zote zipite mikononi mwake. Nilidhani ni usafi tu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anazihesabu.

Na rapoti zetu za staji alizisoma. Hakuna aliyemwagiza. Kazi yake ilikuwa kuona mihuri mitatu ya parke na kuweka rafuni, lakini alisoma kila ukurasa na kuandika pembeni kwa kalamu ya kijani. Profesa wetu alisoma hitimisho. Mama Apariteri alisoma mambo yenyewe.

Yangu alinirudishia. Nakumbuka nimesimama mbele yake na jua linaniunguza mgongo kupitia dirishani.

"Hapa umeandika, 'mutuhumiwa alikubali.' Alikubali ao alinyamaza?"

Nikafikiri. "Alinyamaza, Mama."

"Basi juu ya nini uko unamukubalisha? Kunyamaza si kukubali. Andika vile ilikuwa."

Ikabidi nipige upya ukurasa mzima na kurudi parke kwa mihuri yote mitatu. Nilimchukia wiki nzima. Leo, katika yote niliyofundishwa kwa miaka mitatu, hilo ndilo ninalolitumia zaidi.

Kulikuwa na sharti moja alilolileta yeye mwenyewe. Miaka kadhaa kabla yetu, mwanafunzi mmoja alitunga rapoti nzima ya gereza ambalo hakuwahi kuingia. Mama alimkamata kwa sababu aliandika kwamba chumba cha wanawake kina dirisha linalotazama ziwa, na chumba kile hakina dirisha lolote. Tangu siku hiyo alikwenda mbele ya baraza la chuo akaomba kwamba kila rapoti ibebe majina kamili: jina la mfungwa, jina la shahidi na mtaa anaokaa, na kwenye jalada jina la mwanafunzi na picha yake. "Bila majina, ni hadisi tu," alisema. Baraza likakubali. Lilikuwa sharti lake, na alijivunia kulipata.

Basi yangu pia ilikuwa na majina. Niliandika juu ya mtu aliyeshtakiwa kuwa katika kundi lililoteka madereva kwenye barabara ya kaskazini. Nilimhoji gerezani mara nne. Alikuwa mtulivu, mwenye kucha safi kupita za daktari, na sauti ndogo ya upole iliyokulazimisha usogee karibu ili usikie. Juu ya mashtaka hakujibu neno. Aliniuliza tu ninasoma nini, na nilipomwambia, akasema: "Na miye ningesoma, ningesoma ile." Shahidi alikuwa dereva wa lori, mkazi wa Ndosho, nyuma ya karakana ya wachomelea vyuma. Wakati wa kutekwa alifungwa kitambaa machoni, hakuona uso wa mtu. Alimtambua kwa sauti. Yote hayo niliyaandika, na mtaa, na karakana.

Kisha ikaja ile wiki ya milio ya risasi na mabomu. Nyumbani tulilala sakafuni siku nne, mama yangu akituhesabu kila saa. Milio iliponyamaza, mji ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wengine. Korti zilifungwa. Watu wa parke walikuwa wamekimbia. Na milango ya gereza ilikuwa wazi, ndani hamna mtu hata mmoja. Wote waliokuwamo walikuwa mjini, pamoja nasi, wakinunua mkate pale tunaponunua.

Chuo kilipofungua tena, Mama Apariteri alikuwa wa kwanza kufika. Tulimkuta anafuta dosye, na vipande vya dari miguuni pake. Sisi wa mwaka wa mwisho tulidhani sasa atalegeza. Tulimwomba angalau mihuri ya parke isidaiwe kwa wale ambao staji yao ilikatika.

"Chuo imefungua," alisema. "Masharti ni yale yale."

Alhamisi moja nilikwenda kuleta kazi yangu ya mwisho. Alinituma chumba cha nyuma, penye rafu za rapoti, nitafute dosye yangu. Nilikuwa nimeinama huko nilipoisikia ile sauti ndogo ya upole ofisini.

"Jambo, Mama. Nakuya kuuliza masharti ya kusoma kriminolojia."

Sikuhitaji kumwona. Nikakaa chini kati ya rafu.

Mama akamsomea masharti yote, kama alivyotusomea sisi. Hakumkatiza. Alipomaliza, yule mtu akauliza: "Na zile rapoti za staji, kisha munazifanyiaka nini?"

"Tunazichunga."

"Wapi?"

"Hapa."

"Mutu anaweza kuzisoma?"

"Mwanafunzi anaweza. Ni haki yake."

"Basi uniandike mwanafunzi, Mama."

"Leta dosye."

"Nitaleta lundi," akasema, yaani Jumatatu.

Alisema asante, akatoka. Nilisikia viatu vyake hadi mwisho wa korido. Nilitoka chumba cha nyuma.

"Mama, yule mutu... ndiye ule wa rapoti yangu."

Alinitazama. Akaniambia niilete. Akaisoma mbele yangu tangu jalada, akakaa muda mrefu kwenye ukurasa wenye mtaa wa dereva. Kisha akavua miwani.

"Na hizi zingine zote. Bale batu mulioandika, walikuwa wangapi mu gereza siku milango inafunguka?"

"Wote, Mama. Si ndiyo ilikuwa staji."

Alichukua kitambaa chake, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa na Jumamosi tulifanya kazi mchana kutwa, mlango umefungwa kwa komeo. Nilimsomea jina la mwanafunzi na kichwa cha rapoti. Yeye alijaza karatasi moja kwa kila mmoja: rapoti imepokelewa, imesomwa, inatimiza masharti. Akatia sahihi na muhuri. Haukuwa uongo, maana alikuwa amezisoma zote. Kila karatasi iliingia katika dosye ya mwenyewe, na rapoti ikaingia katika gunia.

Nikamwambia: "Lakini masharti yanasema rapoti yenyewe ikuwe mu dosye."

"Najua vile yanasema. Ile ya majina ni miye nililetaka." Aliendelea kuandika. Baada ya karatasi mbili tatu akasema, bila kuinua kichwa: "Nilikuwa naogopa wanafunzi wanaodanganya. Sikuogopa kitu kingine."

Tulizichoma nyuma ya chuo, katika pipa nusu ambamo wafagiaji huchoma majani. Karatasi nyingi zikifungwa pamoja haziungui haraka. Ilibidi azifumue kwa chuma, moja moja, na picha zetu za jaladani zikajikunja mbele yetu, tukiwa tumenyoa, tumesuka, tumevaa tai za kuazima. Moshi ulimtoa machozi, au hivyo ndivyo alivyoniambia.

Asubuhi ya Jumapili, kwa agizo lake, nilikwenda Ndosho kumwonya yule dereva. Mke wa dereva alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Dereva alinisikiliza amesimama, asiulize mimi ni nani wala nimejuaje. Aliuliza jambo moja tu: "Alikuya peke yake?" Nikamwambia ndiyo. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepakia magodoro. Sijasikia habari zake tangu siku ile, na sijaulizia.

Jumatatu Mama alinikataza kufika. Aliyenisimulia ni mwenzangu wa darasa aliyekuwa akisubiri kwenye korido. Yule mtu alifika mapema, suruali imepigwa pasi, na dosye kamili. Diploma ya eta, ile yenyewe. Karatasi ya kuzaliwa. Karatasi ya mwenendo mwema, muhuri wake bado mbichi. Mama Apariteri alikagua kila ukurasa, akauinua kwenye mwanga, akaugeuza. Hapakukosekana kitu. Akaandika jina lake katika kitabu, akampa namba.

"Dosye yako imetimia," alimwambia.

"Sasa naweza kusoma rapoti?"

"Haziko tena. Nilizichoma."

Mwenzangu alisema yule mtu alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha mzuri. Akamshukuru Mama kwa heshima zote. Kisha akaenda moja kwa moja kwa dekani kushtaki kwamba haki yake ya mwanafunzi imevunjwa.

Na kweli ilikuwa imevunjwa. Wiki haikuisha, Mama Apariteri akaachishwa kazi kwa kuharibu mali ya chuo. Hakujitetea. Walimuuliza sababu, akasema ni uzembe wake, zilipata unyevu zikaoza, akaona afadhali azichome. Alitoka na mfuko mmoja wenye redio, na hakuna profesa aliyemsindikiza hadi getini. Tulimsindikiza sisi, wanafunzi kama kumi, na wengi wao hawakujua kwa nini majina yao hayakuwa tena katika rafu ile.

Niliitetea kazi yangu muda mfupi baadaye, kabla ya mwaka wa kwanza kuanza masomo. Juri waliikuta ile karatasi ya Mama ndani ya dosye, wakatazamana, wakaikubali. Mama yangu hakutaka nibaki mjini, akanipeleka kwa dada yake Kalengera. Huko nikafundisha shule ya msingi mwaka mzima, watoto sabini katika chumba kimoja, nikazoea kuamini kwamba mambo yamepita.

Nilishuka Goma kuchukua diploma yangu tu. Nilipoipata mkononi, mtu wa kwanza niliyetaka aione ni yeye. Niliulizia, nikaambiwa ana kibanda huko Keshero, anapigia watu karatasi kwa mashine na kutoa fotokopi. Nilimkuta mchana, jenereta inanguruma nje, yeye amekonda kidogo, miwani ile ile.

Aliponiona hakutabasamu. Alisimama haraka akavuta pazia la mlango.

"Nani amekuona ukiingia hapa?"

"Hakuna, Mama. Nimekuya kukusalimia. Nimepata diploma." Nikaitoa kwenye bahasha.

Hakuigusa. Aliketi, akaweka mikono juu ya mashine.

"Ile dimanshi, ile Jumapili ukiwa Ndosho, alikuya kwangu ku nyumba," alisema. "Alikunywa chai. Batoto yangu walikuwa hapo, aliwauliza majina, moja moja. Kisha akaniuliza juu yako. Jina yako alikuwa nayo tayari, ulijiandikaka mwenyewe mu kitabu ya bageni ya gereza. Alitaka kujua tu unakaa wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ulikufa. Mu ile wiki ya milio, kombora iliangukia nyumba yenu. Nikaapa."

"Akaamini?"

"Alinipa pole. Aliamini, ndiyo. Mwaka muzima aliamini." Alisugua macho chini ya miwani. "Kisha babandika liste ya balioshinda ku ukuta ya chuo. Ningekuwa bado pale, jina yako haingebandikwa. Ungekosa lisansi, lakini haingebandikwa. Ule mutu ni mwanafunzi muzuri, sikufichi. Anaandika kuliko ninyi wote. Mwezi uliopita alileta kazi yake nimupigie. Aliweka kartasi hapa, kwa upole ile yake, akaniuliza: 'Mama, tangu lini chuo inapatiaka diploma batu balikufa?'"

Jenereta ilikohoa nje, ikaendelea.

"Ukajibu nini?"

"Nilisema ni kosa ya masini."

"Na yeye?"

"Alisema kosa kama ile, afazali irekebishwe."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakunitumia habari, nikakumbuka kwamba kuitafuta namba yangu ya simu kungekuwa kumwonyesha njia. Nilitaka kumuuliza kama yeye mwenyewe na watoto wake wako salama. Nilipofungua mdomo alitikisa kichwa. Alichukua ile bahasha, akaitazama diploma yangu kwa mara ya kwanza, akaisoma yote, mistari yote, mpaka sahihi za chini, kama alivyosoma kila kitu.

"Imetimia," alisema, akanirudishia.

Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, akatoka nami hadi barabarani. Kwenye kituo cha pikipiki walikuwa wamekaa vijana sita saba, na wanaume wawili wamesimama kwenye kivuli cha duka la simu, wakitutazama au wakitazama barabara, sikuweza kujua. Mama aliita dereva mmoja na kumwambia kwa sauti kubwa, ile sauti yake ya mpira wa Jumapili:

"Peleka huyu mama Ndosho, kwa wazazi yake! Endesha polepole!"

Akanikumbatia. Sikioni akaniambia: "Ukifika ku kona, umuambie abadilishe njia. Hapana kuniambia unaenda wapi."

Yule mwanamke aliyeogopa pikipiki akasukuma kiti cha pikipiki kwa mikono yake miwili ili tuondoke. Niligeuka mara moja tu. Alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, amewaziba wale wanaume wawili wasiione namba ya pikipiki.

Tulipofika kona, nikamwambia dereva abadilishe njia.